Kimakonde katika kompyuta (kde)

Kde ni msimbo wa Kimakonde katika orodha ya kimataifa ya lugha, ISO 639-3. Ndilo pia jina la faili linaloiwezesha simu au kompyuta kuonyesha tarehe na majina ya siku kwa lugha hiyo. Faili limo katika CLDR, hazina ya data za lugha chini ya shirika la Unicode. Limesajiliwa kwa Tanzania tu (kde-TZ): Newala, Tandahimba, Mtwara hadi mlango wa Ruvuma. Wamakonde wa Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, hawamo. Kimakua kimepatwa na kinyume chake: kimesajiliwa kwa Msumbiji (mgh-MZ), ingawa wasemaji wake wamejaa Masasi.

Umbo la faili ni jepesi kwa makusudi. Ni maandishi ya XML yanayosomeka kwa macho, na hubeba yale tu yanayoitofautisha lugha. Kisichomo hurithiwa kutoka faili la shina. Mchangiaji hahitaji kujua programu, hujaza nafasi tu. Kazi ngumu ya kurithisha na kugeuza data kuwa mfumo wa kimashine huachiwa maktaba ya ICU, ambayo Android huitumia.

Nafasi hizo, hata hivyo, zilipimwa kwa lugha zenye majina mafupi. Kimakonde huhesabu kwa tano, na juma huanza Jumamosi, Liduva litandi. Alhamisi ni Liduva lyannyano na linji, yaani siku ya tano na moja. Panapotakiwa ufupisho, faili limeandika Ll6, suluhisho la busara kwa kioo cha simu. Kwenye miezi mambo hayakwenda vizuri: vifupisho ni vya Kiswahili (Mac, Ago, Des), na Desemba kwa kirefu ni Mwedi wa Nnyano na Nnyano na M, herufi moja inayoning'inia mahali palipostahili neno.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye wingi. CLDR ina makundi 6 ya idadi, ambayo programu huyatumia kuchagua umbo la sentensi kulingana na namba. Kiswahili kimepewa mawili, Kimakonde moja tu, kana kwamba munu (mtu) na vanu (watu) havitofautiani. Lakini hata makundi yote 6 yasingetosha, kwa kuwa katika lugha za Kibantu kitenzi hufuata ngeli, si idadi peke yake. “Faili 1 limefutwa” na “ujumbe 1 umefutwa” vina idadi ileile. Kinachotofautiana ni kiambishi. Kuingiza ngeli zote katika mfumo kungewafukuza wachangiaji wa lugha ndogo, waliovutwa na wepesi wake. Kwa hiyo mtafsiri makini huiomba programu isiunge sentensi vipande vipande: kila nomino ipewe sentensi yake nzima, ya umoja na ya wingi, na mzigo wa sarufi ubaki kwa anayeijua lugha.