Kungojea na Kupanga: Furaha Inayotangulia Jambo Lenyewe

Mtoto aliyeahidiwa nguo ya Noeli huanza kufurahi siku anayopimwa kwa fundi, wiki nyingi kabla ya kuivaa. Kungojea jambo jema ni sehemu ya furaha yake. Lakini kwetu wengi wanauliza: "Nipange kwa nini, wakati kesho si yangu?" Swali hilo halitokani na uvivu. Linatoka kwa watu waliokimbia wakaacha shamba likiwa tayari kuvunwa.

Yaliyochunguzwa

Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walitangaza uchunguzi juu ya watu wazima 1530, ambao 974 kati yao walisafiri kwa likizo. Waliokuwa wakijiandaa kusafiri walikuwa na furaha kuliko waliobaki, hata kabla ya kuondoka nyumbani. Waliporudi, wengi wao hawakuwa tena na furaha kupita wale wengine. Kumbe siku za kungojea zilikuwa na utamu wake.

Kungojea kunakovunja moyo

Si kila kungojea kunaleta furaha. Viktor Frankl, daktari Myahudi wa Vienna, alifungwa katika kambi za Wanazi. Katika kitabu alichotoa mwaka 1946 anaeleza kwamba kati ya Noeli ya 1944 na Mwaka Mpya wa 1945 wafungwa wengi zaidi walikufa kambini mwake. Daktari mkuu wa kambi aliona sababu moja: wengi walikuwa wameamini kwamba watakuwa nyumbani kwa Noeli. Siku ilipopita, nguvu ziliwaishia. Frankl mwenyewe alijiwazia akiwa amesimama katika ukumbi wenye joto, akifundisha juu ya yale aliyoyaona kambini. Hakujiwekea tarehe ya kufunguliwa, bali kazi inayomngoja.

Biblia inaonyesha tofauti hiyohiyo. Hanania aliwaahidi watu kwamba mambo yatatengenezwa kwa miaka 2. Yeremia aliwaandikia wahamishwa wa Babeli kwamba ni miaka 70, lakini akawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko walipo.

Mtaalamu wa Marekani, C. R. Snyder, alieleza kwamba tumaini lina sehemu tatu: shabaha, njia ya kuifikia, na nguvu ya moyo ya kuifuata. Njia moja ikifungwa, mwenye tumaini hutafuta nyingine.

Mfano tulio nao: AVEC

Vikundi vya kuweka akiba vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991. Kwa kawaida watu 15 hadi 25 hukutana, kila mmoja ananunua hisa kadiri ya uwezo wake, na pesa inawekwa katika kisanduku chenye kufuli tatu. Baada ya mwaka hivi wanagawana. Mama anayeweka akiba kwa ajili ya minervali ya mwezi wa tisa hangojei mikono mitupu. Kila mkutano unamwonyesha kwamba siku ile inakaribia, na anangojea pamoja na wenzake.

Jinsi ya kuanza

Chagua jambo dogo lililo karibu: kununua mbuzi, kupaka nyumba chokaa, kumtembelea shangazi. Fanya sehemu yake moja wiki hii, hata kama ni kuuliza bei tu. Waambie watu wa nyumbani, ili nao wafurahie kungojea. Tena fikiri mapema njia ya pili, kama barabara ikifungwa au pesa ikipungua.

Mpango hauzuii risasi, wala haurudishi kilichoporwa. Lakini anayepanda mche wa parachichi leo, akijua ataungojea miaka kadhaa, ana sababu ya kuamka kesho asubuhi: mche unataka maji.