Ngalawa Huanzia Shambani: Historia ya Chombo cha Mwembe, na Kimoja Nilichokikarabati



Kabla ya msimu wa maembe uliopita, bibi mmoja wa upande wa Maneromango alinipigia simu. Walikuwa wamekuja watu wa mbao, wameuzunguka mwembe wake mkubwa, wameupima kwa kamba na kutaja bei. Mwembe wenyewe ulipandwa na baba mkwe wake. Akaniuliza, "Bwana shamba, niuze au nisiuze?" Nilimwomba anipe siku chache. Wakati huo nilikuwa na mwembe mwingine nyumbani, ulioangushwa miaka mingi iliyopita na kuchongwa ngalawa, na kila Jumapili nilikuwa nauhangaikia.

Ngalawa hiyo niliikuta kwa mfugaji karibu na Mlandizi. Ililetwa kutoka Bagamoyo kwa lori, ikiwa bila matengo wala mlingoti, na ng'ombe walikuwa wakinywea maji ndani yake. Nilicheka kidogo, kwa sababu Kiswahili kina neno moja kwa vitu vyote viwili: hori ni chombo cha kulishia ng'ombe, na hori pia ni aina ya mtumbwi. Mfugaji aliniuzia kwa bei ya pipa jipya la maji. Wenzangu ofisini waliniuliza nitavua nini Mlandizi. Nilitaka tu kuona kama ingeweza kurudi majini.

Vyombo vya pwani yetu vina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetoka mashambani. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus kinautaja mji wa biashara wa pwani hii kwa jina la Rhapta, na kinasema jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Kinataja pia mitumbwi ya gogo moja. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji walikuta vyombo visivyo na misumari, mbao zake zimefungwa kwa kamba na tanga lake ni la mkeka. Kwetu chombo cha namna hiyo kiliitwa mtepe. Kamba yake ilisokotwa kwa makumbi ya nazi, na tanga lake lilisukwa kwa majani. Kwa maneno mengine, mwenye minazi ndiye aliyekuwa na duka la vifaa vya baharini.

Ngalawa ni chombo kingine. Yale matengo yake mawili ya pembeni yanayoizuia isipinduke, wataalamu wengi wanayahusisha na mabaharia wa visiwa vya Indonesia, wale waliovuka bahari na kufika hadi Madagaska. Mwembe nao asili yake ni Asia. Hapa kwetu vikakutana: umbo kutoka bahari ya mbali, gogo kutoka shamba la jirani. Fundi alikuwa anakwenda bara kutafuta mwembe wenye shina refu lililonyooka, anakubaliana na mwenye shamba, kisha anauangusha na kuuchonga hapohapo ili kupunguza uzito. Baada ya hapo huvutwa au kubebwa hadi ufukweni ukamaliziwe. Wazee wa Kisarawe mnakumbuka kwamba wilaya yenu ilikuwa na bahari yake, hadi Kisiju, kabla Mkuranga haijawa wilaya. Shamba na pwani havikuwa mbali kama tunavyoviona leo.

Kwa nini mwembe? Si kwa ugumu. Mbao ya mwembe huoza haraka na wadudu wanaipenda, haifikii mvule wala mninga hata kidogo. Uzuri wake ni kwamba shina lake ni nene, huchongeka bila kumchosha fundi, na lilipatikana karibu na nyumba za watu. Udhaifu wa mti ulifidiwa kwa matunzo. Wavuvi walikuwa, na wengine bado, wanakiegesha chombo mchangani na kukichoma tumbo kwa moto wa makuti ili kuua mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Nje wanapaka sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake haihitaji maelezo. Vyombo vya mbao kama mashua na jahazi hupakwa chini deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na mianya yake huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta na kugongwa kwa chembeu. Ndiyo kazi ya kalafati. Hakuna aliyeiita ukarabati. Ilikuwa sehemu ya uvuvi, kama palizi ilivyo sehemu ya kilimo.

Mimi nilianza vibaya. Ngalawa ilikuwa na ufa mrefu upande wa kushoto, nami nikauziba kwa saruji, tena nikajisifu. Wiki mbili baadaye mbao ilikunywa maji, ikavimba, na saruji yote ikabanduka kama ganda la yai. Nikamfuata fundi mmoja mzee Bagamoyo. Nilimwamkia, akaitikia, akasikiliza hadithi yote ya saruji, kisha akasema, "Bwana shamba, ule mti unapumua. Umeuziba pua."

Alikuja mwenyewe kuiona. Kwanza aliitoa juani na kunifanya niiweke chini ya kivuli, maana gogo likikaukia juani hupasuka zaidi. Kisha akachukua kisu na kuchoma mbao kila baada ya shubiri moja. Kisu kilipozama bila taabu, alitia alama ya mkaa. Tulikata sehemu zote zilizooza hadi tukafika kwenye mti mzima, na kipande kimoja kilikuwa kikubwa kuliko nilivyotaka kuamini. Tulipachika viraka vya mbao kwa misumari iliyopakwa zinki, kwa sababu msumari wa kawaida huliwa na kutu na kuacha tundu. Ufa tuliuziba kwa pamba na mafuta. Matengo nilimwachia yeye. Kazi ya siku nne ilichukua miezi mitano ya Jumapili.

Siku moja tukiwa tumepumzika nilimuuliza kwa nini hachongi mpya. Akanijibu kwamba miembe imekwisha. Nikamwambia, mzee, miembe mbona mingi, mimi mwenyewe nimegawa mamia ya miche. Akauliza, "Ile mifupi?"

Hapo nilinyamaza. Miembe tunayowashauri mpande siku hizi ni ya kubebeshwa. Huzaa mapema, hubaki mifupi, matawi huanzia chini ili uchume bila ngazi. Kwa matunda ni ushauri mzuri na sitaubadilisha. Lakini haitatoa gogo la ngalawa kamwe. Miembe mirefu iliyoota kwa kokwa, ile ya mababu, ndiyo pekee yenye shina hilo, na ndiyo inayokwenda kwenye mbao za masanduku na kwenye tanuri za mkaa wa Dar es Salaam. Wala hatuipandi tena.

Chombo kikikosa wa kukijenga, elimu yake huondoka upesi. Mitepe iliacha kusafiri katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Miaka ya mwanzoni ya 2000 mafundi wa Zanzibar walipojenga mmoja upya ili uwekwe Beit al-Ajaib, walilazimika kufuata mifano midogo na picha za zamani.

Kwa anayetaka kujaribu kazi hii: Chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo, kilicho chini ya FETA, kitakuelekeza kuhusu ujenzi wa vyombo. Ukikusudia kuvua, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inataka chombo kisajiliwe na kiwe na leseni, anzia halmashauri. Usiende kukata mikoko kwa ajili ya mataruma, kwani ni hifadhi. Na gogo au mbao usizipakie kwenye gari kabla ya kuonana na afisa misitu.

Nilimpigia bibi wa Maneromango. Sikumwambia asiuze, mti ni wake na ada ya mjukuu ilikuwa inadaiwa. Nilimwomba ahesabu kwanza magunia anayouza kila msimu, na kama ni lazima kuuza, amwite fundi wa ngalawa aje kuuona kabla ya watu wa mbao, kisha apande kokwa tatu mpakani. Aliuza mti mwingine, ule uliokuwa na uwazi katikati. Kokwa mbili kati ya tatu zimeota. Ngalawa yangu bado inavuja kidogo upande wa mbele.