Macho ya Kuona na Macho ya Kuonwa

Jicho limepewa kazi mbili: kuona na kuonwa. Kwa kazi ya kwanza mtu huijua dunia. Kwa kazi ya pili dunia humjua yeye. Akikasirika, akifurahi, akikosa usingizi au akizeeka, habari zake husomwa machoni kabla ulimi haujanena. Ndiyo maana watu wa zama nyingi wameyapamba macho, wala si wanawake peke yao. Wanaume wa Misri ya kale walipaka wanja kama walivyopaka wake zao. Lakini wanja hukaa juu ya ngozi, na maji huuondoa. Makala haya yanahusu pambo lililovuka ngozi, yaani sindano ambazo wanaume wa siku hizi huchomwa kandoni mwa macho ili makunyanzi yatulie na mashimo yafukiwe. Asili yake haikuwa katika nyumba za urembo. Ilikuwa katika maradhi ya macho, na asiyeijua asili hiyo hawezi kupima vema faida na hasara ya jambo lenyewe.

Sindano iliyo mashuhuri kupita zote ina sumu ndani yake. Mtu wa kwanza kuichunguza sumu hiyo kwa makini alikuwa Justinus Kerner, tabibu na mshairi wa Württemberg katika Ujerumani. Watu wa nchi yake walikuwa wakifa baada ya kula soseji zilizoharibika. Kerner alianza kuandika juu yao mwaka 1817, na katika kitabu chake cha mwaka 1822 alikusanya habari za wagonjwa 155. Aliona kuwa akili ya mgonjwa hubaki timamu hali mwili unalegea, na kuwa macho hutoa dalili zilizo wazi: kope huanguka, mboni hupanuka, na kitu kimoja huonekana viwili. Aliijaribu sumu kwa wanyama, kisha akaionja mwenyewe. Baada ya kuijua hatari yake kwa ulimi wake, alithubutu kuwaza kwamba kiasi kidogo mno cha sumu hiyo huenda kikawa dawa ya maradhi yanayoufanya mwili ucheze pasipo hiari.

Wazo hilo lilingoja zaidi ya miaka mia na hamsini. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliopiga mazishini walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi wakaugua, watatu wakafa. Émile van Ermengem, profesa wa mji wa Ghent, alikitafuta kisababishi katika nyama na katika maiti, akakipata kijidudu kinachotoa sumu ile, akakipa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, sumu hiyo ilitazamwe kama silaha, na mwaka 1946 wataalamu wa Camp Detrick, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, walitangaza kuwa wameipata ikiwa fuwele safi. Mwaka 1949 Arnold Burgen na wenzake walieleza namna inavyotenda: huziba mahali ambapo mshipa wa fahamu hukabidhi amri kwa musuli. Amri hutumwa, lakini haifiki. Musuli hukaa kimya.

Aliyeigeuza silaha kuwa dawa alikuwa tabibu wa macho. Alan Scott wa San Francisco alitafuta njia ya kunyosha macho yenye makengeza bila ya kisu. Makengeza hutokea pale misuli ya jicho isipovuta kwa usawa. Scott aliwaza kuwa musuli uliozidi kuvuta ukidhoofishwa, jicho litarudi mahali pake. Alijaribu kwa nyani, akatangaza matokeo mwaka 1973. Mwaka 1977 alianza kwa binadamu, na mwaka 1980 akaeleza habari zao. Dawa hiyo ilifaa pia watu ambao kope zao hujifumba kwa nguvu pasipo hiari, hata mwenye macho mazima akawa kama kipofu. Mwezi wa Desemba 1989 idara ya Serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliikubali kwa maradhi hayo mawili. Mpaka hapo sindano ilikuwa ya kuona.

Imekuwaje basi ikawa ya kuonwa? Mwaka 1987, katika mji wa Vancouver nchini Kanada, tabibu wa macho aitwaye Jean Carruthers, ambaye alikuwa amepata kufanya kazi na Scott, alikuwa akimtibu mwanamke mwenye maradhi ya kope. Mgonjwa alilalamika kuwa mara hii hakuchomwa baina ya nyusi. Daktari alimjibu kuwa mahali hapo hapana ugonjwa. Mgonjwa akasema kwamba kila achomwapo hapo uso wake huwa mtulivu, kama wa mtu asiye na udhia. Daktari alimweleza habari hiyo mumewe, Alastair, aliyekuwa daktari wa ngozi, na karani wao wa mapokezi akakubali kuwa mtu wa kwanza kujaribiwa. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 1992. Marekani iliruhusu sindano hiyo kwa makunyanzi ya baina ya nyusi mwaka 2002, na kwa yale ya pembeni mwa macho mwaka 2013.

Iko sindano ya pili, ambayo haidhoofishi musuli bali hujaza pengo. Hiyo nayo ilitokana na majeraha. Mwaka 1893 Gustav Neuber, mpasuaji wa Ujerumani, alihamisha mafuta ya mkono wa mgonjwa ili kuinua kovu lililozama karibu na jicho. Kazi hiyo aliifanya kwa kisu. Mwaka 1899 Robert Gersuny wa Vienna alitumia sindano: alimdunga vaselini kijana wa kiume aliyekatwa korodani kwa sababu ya kifua kikuu, ili umbo lake lirudi. Basi katika mlango wa historia ya sindano za umbo yupo mwanamume, naye hakutafuta uzuri. Alitafuta utimilifu alionyang'anywa na maradhi. Punde vaselini na parafini zikaenea katika pua na nyuso za watu wazima wa afya. Zikahama mahali zilipowekwa, zikafanya uvimbe mgumu, na mwaka 1903 ikatangazwa habari ya mgonjwa aliyepofuka baada ya kudungwa parafini puani. Madaktari wakaiacha hatua kwa hatua.

Kilichorithi nafasi yake kilitoka ndani ya jicho lenyewe. Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer, wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, walitenga kitu kipya kutoka katika ute wa jicho la ng'ombe. Wakakiita asidi ya hayaluroniki, jina ambalo sehemu yake ya kwanza ni neno la Kiyunani la kioo. Karibu na mwaka 1980 wapasuaji wa macho walianza kukitumia kulilinda jicho wanapoondoa mtoto wa jicho. Baadaye kilitengenezwa kizito zaidi, kikauzwa Ulaya tangu mwaka 1996 kwa kujaza makunyanzi, na Marekani ikakiruhusu mwaka 2003. Mwaka 2022 iliruhusu aina yake moja itumiwe katika mashimo ya chini ya macho. Tazama, msomaji, jinsi dawa zote mbili zilivyopita katika mikono ya matabibu wa macho kabla ya kufika mbele ya kioo cha mwanamume.

Mwanamume alichelewa kufika. Wengi mno wa watu waliojaribiwa dawa hizi kwa makunyanzi walikuwa wanawake, nao ndio wanaozitumia zaidi hata leo. Alipokuja, alikuta kanzu iliyokatwa kwa mwili wa mwingine. Misuli ya kipaji chake aghalabu ni minene, nayo huhitaji dawa nyingi zaidi. Nyusi zake hukaa chini na kunyoka, na sindano ikipangwa kama ya mwanamke huzipandisha zikawa upinde asioutaka. Wamarekani walibuni neno la mzaha, Brotox, kwa kuunga neno lao la ndugu na jina la dawa. Mzaha huo ulisitiri haya ya wengi. Baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, magazeti ya kwao yaliandika habari za wanaume wa makamo waliochomwa ili wasionekane wamechoka mbele ya waajiri. Hao hawakuwa wagonjwa wa macho. Maradhi yao yalikuwa katika macho ya watu wengine.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo, maana kila pambo lina bei yake. Sumu hutenda kwa miezi mitatu au minne, kisha mtu hana budi kurudi. Ikienda mahali pasipo pake, kope huanguka kwa muda, nayo ni dalili ile ile aliyoiandika Kerner. Asidi ya kujazia ina hatari iliyo nadra lakini kubwa: ikiingia katika mshipa wa damu yaweza kusukumwa nyuma mpaka mshipa wa jicho, na mwenyewe akapofuka. Yaliyompata mgonjwa wa mwaka 1903 hayajafutika katika vitabu.

Iko bei nyingine isiyo ya hospitali. Mwaka 1862, mwaka ule ule aliofariki Kerner, tabibu wa Ufaransa aitwaye Guillaume Duchenne alitoa kitabu chenye picha za mzee asiye na meno aliyepitishiwa umeme usoni. Umeme uliweza kuivuta midomo ikacheka, lakini kicheko kilikuwa kitupu. Duchenne alifundisha kuwa furaha ya kweli hutambulikana kwa musuli unaolizunguka jicho, ambao hauitikii hila kama midomo iitikiavyo. Musuli huo ndio unaokunja ngozi pembeni mwa macho, na ndio unaolengwa na sindano iliyoruhusiwa mwaka 2013. Anayeufuta uchovu wake hapo hupunguza pia njia ya kicheko chake.

Sineni haya ili kumcheka mtu. Yule kijana wa Vienna alikuwa na haki ya kurudishiwa umbo lake, na mwenye kovu jichoni asilaumiwe kwa kutaka lifutwe. Lakini kuna tofauti baina ya mtu anayeponya alichovunjiwa na mtu anayelazimika kuficha miaka aliyoitumia katika kazi ili asinyimwe kazi. Wa kwanza ahudumiwe na tabibu. Kwa wa pili, tabibu aweza kuulegeza musuli kwa miezi minne. Shauri la mwajiri anayeuogopa uso wa mtu mzima halimo katika sindano yake. Hilo latutaka sisi tunaotazama, kwa kuwa macho yanayomhukumu ni yetu.