Uzi ukikatika: kiwanda janja kilitoka wapi, na sisi tuko wapi ndani yake



Safari hii mada hatukuichagua, ilitufuata yenyewe. Tulikuwa kwenye kibanda cha mafunzo ya ushonaji. Cherehani ni sita, wanafunzi kumi na watano, wengine wamekaa nje wanasubiri zamu. Mwenzetu mmoja akatuonyesha video kwenye simu: kiwanda kikubwa, taa nyeupe, mikono ya chuma inanyanyua na kushusha, watu ni wa kuhesabu. Akauliza, "Sasa jamani, sisi tunajifunza kushona kwa ajili ya nani, kama kiwanda chenyewe kinafikiri?" Tulicheka, lakini jibu hakuna aliyelitoa. Tulirudi na swali nyumbani, tukaanza kusoma. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Kiwanda cha namna ile wanakiita kiwanda janja. Yaani mashine zake zinajipima, zinasemezana, zinajirekebisha, na siku hizi zinatakiwa pia zile umeme kidogo na zitupe taka kidogo. Ukisikiliza kinavyosifiwa utadhani kimezaliwa juzi. Sivyo. Ni vitu vinne ambavyo kila kimoja kina umri wake, vikaja kukutana chini ya paa moja: kumbukumbu, hisia, amri na mazungumzo. Na kwa bahati nzuri kwetu sisi wa cherehani, viwili vya kwanza vilianzia kwenye nguo.

Tuanze na kumbukumbu. Mji wa Lyon kule Ufaransa uliishi kwa hariri. Ili kufuma kitambaa chenye maua, mfumaji alihitaji msaidizi, mara nyingi mtoto, wa kuvuta kamba ili nyuzi fulani za mtande zinyanyuke na mshindio upite chini yake. Mtoto akikosea kamba moja, ua limeharibika. Mwaka 1804 Joseph Marie Jacquard, mwenyewe mtoto wa mfumaji, alitoa mtambo uliofanya kazi ya yule mtoto kwa kutumia kadi ngumu zenye matundu. Penye tundu, sindano inapita na uzi unanyanyuka. Pasipo na tundu, uzi unabaki chini. Kadi zinaungwa moja baada ya nyingine kama mkanda, na ua zima linakuwa limehifadhiwa humo. Wazo halikuwa lake peke yake, maana Basile Bouchon alishatumia karatasi yenye matundu mwaka 1725. Lakini wa Jacquard ndio mtambo ulioenea. Mwaka 1839 ilifumwa picha ya Jacquard mwenyewe kwa hariri, na kadi zilizotumika zilikuwa kama 24,000.

Tundu na pasipo tundu ni ndiyo na hapana. Ndiyo 1 na 0 za kompyuta hizo. Mwaka 1890 Marekani ilihesabu watu wake kwa kadi za matundu za Herman Hollerith, na kampuni yake ni mojawapo ya zile zilizoungana baadaye zikazaa IBM.

Je, wafumaji walipata nini? Hapa ndipo tulipotulia kidogo. Mwaka 1831, na tena 1834, wafumaji wa Lyon waliasi mpaka jeshi likaitwa. Tulidhani wanachukia mashine. Kumbe ugomvi wa 1831 ulikuwa wa bei. Walikuwa wamekubaliana kima cha chini cha malipo kwa kila kipande, wafanyabiashara wengi wakakataa kukifuata. Uingereza nako, kuanzia 1811, mafundi wa Nottingham na majirani zao walikuwa wanavunja mitambo usiku, na mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria kwamba anayevunja anaweza kunyongwa. Wale pia, ukisoma madai yao, walizungumza sana juu ya malipo na juu ya kazi mbovu iliyokuwa inaua jina la ufundi wao.

Sasa hisia. Mtambo wa kufumia wa zamani ulikuwa na nguvu lakini kipofu. Uzi ukikatika, unaendelea tu kufuma, na mita kadhaa za kitambaa zinaharibika kabla mtu hajaona. Kwa hiyo mtu alilazimika kusimama macho wazi. Kule Japani alikuwepo Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, aliyezaliwa 1867. Alitumia miaka mingi kwenye tatizo hilo moja: uzi ukikatika, mtambo usimame wenyewe. Mwaka 1924 mtambo wake maarufu, aina ya G, ukawa unasimama wenyewe na pia unabadilisha kikuza uzi bila kupoteza mwendo, hivyo mfanyakazi mmoja akaweza kuangalia mitambo mingi kwa pamoja. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki ya kuutengeneza kwa pauni 100,000. Mtoto wake Kiichiro akaingia kwenye magari, na kampuni ya Toyota tunayoiona kila siku barabarani ikaundwa rasmi 1937.

Zamani zile kiwanda hakikuwa kinasema habari za mazingira. Uzi ulikuwa pesa, basi. Lakini fikra ni ileile ya kiwanda kinachotunza mazingira leo: kitu kibovu ni heri kisitengenezwe kabisa kuliko kutengenezwa kisha kutupwa.

Amri ilikuja kwenye chuma. Mwaka 1961 roboti iliyoitwa Unimate ilianza kazi kwenye kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, ikitoa vipande vya chuma vya moto kutoka kwenye mashine ya kumiminia. Ilikuwa kazi inayounguza mtu. Lakini mashine nyingi za wakati huo ziliongozwa na makabati yaliyojaa swichi za sumaku na nyaya. Muundo wa gari ukibadilika, mafundi umeme wanafungua kila kitu na kuunganisha nyaya upya. Mwaka 1968 Dick Morley na wenzake walibuni kidhibiti kidogo kilichokuja kuitwa Modicon 084. Badala ya kubadilisha nyaya, unabadilisha programu. Kuanzia hapo mashine ikawa inaweza kufundishwa kazi mpya bila kuvunjwa.

Mwisho ni mazungumzo. Vidhibiti viliunganishwa kwa nyaya, kisha kwa mtandao. Sensa za joto, mtetemo, mwanga na uzito zikashuka bei. Mwaka 1999 Kevin Ashton akatumia jina "intaneti ya vitu". Mwaka 2011, kwenye maonyesho ya Hannover, Wajerumani wakayapa makutano haya jina la Industrie 4.0, wakimaanisha mapinduzi ya nne baada ya mvuke, umeme na kompyuta.

Mfano unaotajwa sana ni kiwanda cha Siemens cha Amberg, Ujerumani, kilichofunguliwa 1989. Kinatengeneza vidhibiti vya mashine, watoto wa kile cha Morley, na mitambo yake inaongozwa na vidhibiti hivyohivyo. Kila bidhaa inabeba namba yake na kuiambia mashine inahitaji nini. Ukubwa wa jengo haukubadilika, idadi ya wafanyakazi karibu ni ileile, lakini uzalishaji umepanda zaidi ya mara 8. Hapo tukaona kwamba watu hawakuondolewa wote. Walibadilishiwa kazi: wengi wanaangalia, wanarekebisha, wanatafuta chanzo cha kosa.

Na huko kutunza mazingira kunafanyikaje? Kwa mambo ya kawaida kabisa. Mita inaonyesha mota inayozunguka bure wakati wa mapumziko. Sensa inagundua bomba la hewa linalovuja usiku kucha. Akili mnemba inasikiliza mtetemo wa mota na kusema beringi hii itakufa karibuni, ibadilishwe kabla haijaharibu mashine nzima. Kuna na "pacha wa kidijitali", nakala ya kiwanda ndani ya kompyuta, ambapo wanajaribu jambo kabla ya kupoteza chuma na umeme kwenye jambo lenyewe. Ni uzi wa Toyoda uleule, ila sasa unahisiwa kila kona.

Turudi kwa mwenzetu wa video. Jibu la kwanza: kushona bado kunaishinda roboti kuliko watu wanavyofikiri. Chuma kinakaa pale ulipokiweka. Kitambaa kinateleza, kinakunjamana, kinavutika, na kila aina ina tabia yake. Vidole vyako vinajua hayo bila kufikiri. Ndiyo maana mikono ya chuma ilienea kwenye magari mapema, lakini shati ulilovaa karibu hakika limeshonwa na mtu aliyekaa mbele ya cherehani. Ujanja wa viwanda vya nguo umeingia zaidi kwenye kukata vitambaa, kuhesabu mizigo, na kumpima mshonaji ametoa vipande vingapi kwa saa. Hilo la mwisho tuliangalie vizuri, maana ndilo lililo karibu na ugomvi wa Lyon. Mashine inayohesabu kazi yako inaweza kukutetea au kukukamua, inategemea nani anazisoma hesabu na nani aliyepanga bei.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na wengi wetu tuliotoka Kongo tunalibeba mwilini. Usafi wa kiwanda janja mara nyingi hupimwa mpaka getini. Lakini baadhi ya betri za mikokoteni inayojiendesha mle ndani zina kobalti, na karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Ndani ya saketi kuna tantali, inayotoka kwenye koltani. Si lazima tueleze koltani ni nini kwa mtu wa Masisi. Baadhi yetu tulikimbia vijiji ambavyo chini yake kuna kitu ambacho sensa haiwezi kuishi bila hicho. Na upande wa pili wa geti kuna taka: mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na elektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu.

Umoja wa Ulaya umeanza kulisogeza geti hilo. Kwa sheria yake ya 2023, kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme na betri kubwa za viwandani zitatakiwa kuwa na pasipoti ya kidijitali inayoeleza zimetengenezwa kwa nini na namna gani. Tuliposoma hapo kibanda kizima kiliguna. Betri itapata pasipoti kabla yetu! Mmoja akasema tuipe pole, nayo itaanza kupanga foleni. Lakini baada ya kicheko tuliona ni jambo la maana. Kama jiwe lililotoka kwetu linaweza kufuatwa njia yake yote, basi na aliyelichimba anaweza kuulizwa amelipwa nini. Ikiwa tu mtu atataka kuuliza.

Kwa hiyo hatusemi acheni cherehani. Tunasema fundi asiishie kwenye kanyagio. Ajue na mota iliyo chini ya meza, ajue kwa nini inapata joto, ajue kusoma mita ya umeme, ajue kufungua saketi na kuona kipi kimeungua. Jacquard alitoka kwa wafumaji na Toyoda alitoka kwa maseremala. Walikuwa na hati za uvumbuzi na soko, ambavyo sisi hatuna, na hilo hatulifichi. Lakini walianza kwa kukaa karibu na kazi mpaka wakajua inapokatikia.

Nanyi wenzetu wa mashirika, ombi letu ni hili. Mnapopanga mafunzo mapya, msituletee cherehani za saba na za nane peke yake. Tuleteeni na mwalimu wa kuzitengeneza, na vidhibiti vichache vya zamani vya kujifunzia hata kama vimechakaa. Cherehani mbili kati ya zile sita zimesimama tangu mwezi uliopita, na mpaka leo hakuna kati yetu anayejua kwa nini.

Yule mwenzetu wa video ameanza kuifungua moja. Mwenye bisibisi ndogo ya nyota apite kibandani, tafadhali.