XL ya mjomba: nichukue au niache?

Boom limeingia, na mjomba anauza ile XL 125 aliyozungukia mashamba enzi zake za ubwana shamba. Rumeti wangu anacheka mpaka machozi: "CC 125? Hiyo si pikipiki bwana, ni cherehani!" Nikaona nichimbe historia kwanza.

Kumbe zamani kule Marekani waliotaka kuingia porini walichukua pikipiki za barabarani, kilo 150 na zaidi, wakapandisha ekzosi juu na kuvalisha matairi ya meno. Ukianguka nayo mchangani, unaita watu! Mwaka 1968 Yamaha wakaleta DT-1: CC 250, silinda moja, nyepesi, ina taa na namba kama kawaida. Unatoka nayo nyumbani, unapita lami, unazama porini, unarudi. Ikagombaniwa. Mwaka 1972 Honda wakajibu na XL250, yenye injini isiyounguza oili pamoja na petroli kama ile ya DT-1. Ndipo zikafuata ndogo zaidi, hizi za kina mjomba.

Kwa hiyo wepesi ndio uliozizaa, sio umaskini. Barabara kuu sibishi, basi likikupita unayumba. Ila kijijini kwetu masika, tope mpaka magotini, mjomba alikuwa anaanguka, anainyanyua peke yake, anaendelea.

Jumamosi naenda kuipiga kiki. Bei bado tunavutana, mzee hataki kushuka kabisa.