Historia Iliyotuama Kwenye Kabureta

Pikipiki ikizima njiani kati ya Butiama na barabara kuu ya Musoma–Bunda, fundi mzoefu haanzi kwa kufungua injini. Anafunga koki ya tenki, anakinga chupa tupu ya maji chini ya kabureta, analegeza skrubu ya bakuli na kuacha mafuta yatiririke. Kisha anainua chupa juani. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo kama yamo yatatuama chini na kujitenga. Vumbi na kutu navyo vitatuama. Mafuta ya taa hayajitengi. Yanachanganyika na petroli kabisa, na jicho halitoshi kuyagundua. Hapo fundi anadondosha tone kwenye karatasi. Petroli safi hukauka upesi. Iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa la mafuta na harufu inayogoma kuondoka.

Kazi hiyo haichukui hata dakika kumi. Lakini kueleza kwa nini mafuta ya taa yalifika ndani ya bakuli lile kunahitaji miaka mingi ya historia ya nchi hii, na historia hiyo inapita kwenye hotuba za bajeti na kwenye koroboi za vijijini.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani kama gari. Agosti 1888, Bertha Benz aliondoka Mannheim, Ujerumani, na wanawe wawili kwenda Pforzheim kwa gari alilounda mumewe, safari ya kilomita 100 hivi. Sheli hazikuwepo, mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Njiani mrija wa mafuta uliziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Leo fundi wa Bunda anazibua jeti kwa uzi mmoja wa waya wa klachi. Mafundi makini wanapendelea kupuliza kwa upepo, kwa sababu tundu la jeti ni jembamba mno na waya ukilipanua kidogo tu, pikipiki itaanza kunywa mafuta kuliko zamani.

Mwaka 1893 Wilhelm Maybach, Mjerumani mwingine, alibuni kabureta yenye boya, na umbo lake bado tunalitambua. Boya hupanda mafuta yakijaa na kufunga mlango wake. Yakipungua hushuka na kuufungua. Hewa inayovutwa na injini hupita mahali pembamba, kasi yake inaongezeka, mgandamizo wake unashuka, na petroli inafyonzwa kupitia jeti ikiwa matone madogo. Kifaa hiki hakina akili ya kukagua kinachopewa. Kimepimwa kwa ajili ya petroli, basi. Kikipewa mafuta ya taa, ambayo ni mazito na hayageuki mvuke kwa urahisi, pikipiki inawaka kwa shida asubuhi, plagi inajaa masizi, na injini inagonga ikipanda mlima na abiria wawili mgongoni.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania haikuwa na mafuta yake ghafi, lakini kuanzia 1966 ilikuwa na kiwanda cha kuyasafisha, TIPER, kule Kigamboni. Bei ya mafuta duniani ilipopaa mwaka 1973, kisha tena 1979 nchi ikiwa imetoka vitani Uganda, uhaba uliingia kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wakaficha au kutupa bidhaa walizokuwa wamelimbikiza. Kizazi kile kilijifunza kwamba kukosa mafuta ni kukuta pampu kavu. Kizazi chetu kilikuja kujifunza aina nyingine ya uhaba: tenki limejaa, na pikipiki haiendi.

Chanzo chake kilikuwa nia njema. Mafuta ya taa ndiyo yaliyomulika nyumba ambazo waya wa umeme haukuzifikia, kwa hiyo serikali iliyatoza kodi ndogo ili maskini asikae gizani. Petroli na dizeli zikabeba kodi kubwa. Tofauti ya bei kati ya vimiminika hivyo ikawa mwaliko. Aliyenunua mafuta ya taa kwa bei ya koroboi na kuyauza kwa bei ya petroli alipata faida bila kuongeza chochote zaidi ya ujanja.

Biashara hiyo ilishamiri wakati uleule ambapo pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilikuwa zinajaa mikoani. Bodaboda ziliwapa kazi vijana wa Musoma na Bunda, na vijiji vya Butiama vikapata usafiri ambao basi halikuwahi kuwapa. Mwaka 2010 zikatungwa kanuni za kuzipa leseni za kubeba abiria. Mwaka huohuo, Septemba, EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ili mkaguzi aweze kuyatofautisha na yaliyochanganywa, au yale ya kwenda nchi jirani yaliyoshushwa humuhumu njiani.

Lugha nayo ilikuwa kazini. Mchezo huo mitaani uliitwa uchakachuaji, na ulipofika Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2010 neno likatoka sheli na kuingia kwenye siasa: kura nazo zikasemwa zimechakachuliwa. Walioshangaa kwamba nchi nzima ilielewa neno hilo mara moja hawakuwahi kusukuma pikipiki juani. Kila mtu alijua maana ya kulipia kitu kimoja na kupewa kingine.

Bajeti ya 2011/12 ndiyo iliyopiga mzizi wa tatizo. Ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400.30. Kwa hesabu ya kabureta, hatua hiyo ilikuwa sahihi: tofauti ya bei ikifa, mchakachuaji hana sababu ya kuamka usiku. Lakini tuangalie nani alilipa. Anayechakachua alipoteza faida. Mama wa kijijini, ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli, alilipa zaidi kila alipopeleka chupa dukani kununua mafuta ya koroboi. Injini za watu wengine ziliponywa kwa mwanga wa nyumba yake. Nchi ingeweza kuwaandama zaidi wenye maghala na malori, ambao ni wachache na wana anwani. Ilichagua njia rahisi kukusanya, na walioguswa zaidi ndio waliokuwa mbali zaidi na kosa.

Kijana wa bodaboda naye hakupona kabisa. Vinasaba hukaguliwa kwenye tenki la sheli. Kijijini, mbali na lami, petroli huuzwa kwa chupa na madumu, na huko mkaguzi hafiki kila siku. Chupa iliyosuuzwa vibaya inaacha maji. Dumu la zamani lina uchafu wake. Agosti 2011, EWURA iliposhusha bei na kampuni nyingi zikagoma kuuza, chupa ndizo zilizobaki kuwa sheli ya wengi. Dereva aliyechukua pikipiki kwa mkataba anadaiwa hesabu ya siku iwe imewaka au imezima. Saa mbili kwa fundi ni abiria waliopanda pikipiki ya mwingine, na tajiri wake hapokei hadithi ya maji kwenye kabureta.

Ndiyo maana ile chupa ya fundi ina thamani kuliko inavyoonekana. Ni ushahidi. Dereva anaweza kurudi nayo kwa aliyemuuzia na kumwonyesha mstari wa maji bila kubishana. Pikipiki mpya zinazopuliza mafuta kwa umeme hazina bakuli la kufungua. Hitilafu yake husomwa na kifaa ambacho mafundi wengi wa vijijini hawana. Zitakula mafuta kidogo na kuwaka vizuri asubuhi ya baridi. Ila siku zitakapouziwa mafuta mabaya, dereva wa Butiama atahitaji njia nyingine ya kuonyesha alichouziwa, na sijaona anayemwandalia njia hiyo.