Wi-Fi ya nyumba iko polepole: kwanza jua shida iko wapi

Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia wanalipa koneksio kila mwezi, na bado ku saa mbili za usiku video inazunguka tu. Wengine wanakimbilia kununua ruta mupya. Mbele ya kutoa dola zako, pima.

Simama karibu na ruta, fungua fast.com ku telefone, andika namba unayoona. Kisha ingia mu chumba fasi Wi-Fi inasumbua, pima tena. Tuseme karibu na ruta ni 15 na mu chumba ni 2: shida iko mu nyumba yako, na mara mingi inatengenezwa bila kulipa kitu. Kama pande zote mbili ni 2, shida inatoka inje. Rudilia saa kumi na moja ya asubui. Ikikimbia asubui na kufa usiku, ni kusema watu wanaotumia rezo ile saa ni wengi kuliko nguvu yake. Lakini usipime kila saa: kupima nako kunakula mega.

Namba yenyewe inadanganya watu. Kampuni inauzisha megabiti, lakini filme inahesabiwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Mwenye kulipia 10 anapata megabaiti moja na robo kwa sekunde; filme ya megabaiti 700 itamuchukua zaidi ya dakika 9. Hakuibiwa.

Shida ikiwa ndani, angalia fasi ruta imekaa. Chini ya meza, nyuma ya televizio ao kando ya frigo ni fasi mbaya. Iweke juu, katikati ya nyumba. Nyumba za mbao kama zile nyingi za Goma zinapitisha Wi-Fi vizuri. Ukuta wa simenti na wa mawe ya volkano unaikamata, na manjanja inaifunga kabisa. Ruta mingi zinatoa Wi-Fi mbili: ya jigahezi 5 ni ya mbio lakini haivuki kuta mingi, ya 2.4 inaenda mbali lakini inagongana na za majirani. Mu chumba kimoja na ruta, chagua ile ya 5.

Ruta ya karti ya SIM inaomba akili ingine, juu kwanza inapaswa kuona antene ya kampuni. Hapo katikati ya nyumba si dawa: ijaribu ku kila dirisha, ukipima. Ku vilima vya Bukavu, kilima kimoja kinaweza kuficha antene yote, na dirisha la upande wa pili likaiona.

Kuko pia wanaokula bila wewe kujua. Telefone zinajipandisha zenyewe, na WhatsApp inashusha kila video ya groupe. Zima ile kushusha ya otomatiki mu parametre zake. Ukitoa neno la siri kwa jirani moja, mutaa wote utakuwa nalo kisha wiki moja, basi libadilishe.

Kuran ikikatika mara kwa mara, batri ndogo ya ruta inasaidia kuliko ruta mupya. Soma volti zilizoandikwa chini ya ruta. Mingi ni 12, lakini usiifunge moja kwa moja ku pano ya jua: pano inayoitwa ya 12 inaweza kupita 18, na ruta itaungua.

Mara ingine shida iko mbali sana. Kebo ya bahari ya Kongo inafika Muanda, upande wa magaribi. Sisi huku tunapitia sana njia za Rwanda na Uganda, mupaka kebo za Mombasa na Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilikatika mu bahari, na inchi mingi za Afrika ya Mashariki zikapata intaneti ya kuchechemea. Siku kama ile, kuhamisha ruta ni kujichokesha.

Ikiwa kila siku ni pole hata karibu na ruta, peleka kwa kampuni zile namba ulizoandika, pamoja na tarehe na saa. Wakikuambia tu uzime na uwashe, ARPTC njo inasimamia kampuni za mawasiliano mu inchi. Malalamiko yenye namba yana uzito kuliko ya mudomo.